Gavana wa ngapi?

Makala ya magavana wa majimbo ya Marekani, kwenye kamusi elezo huria ninayochangia, niliikuta imejaa kama stoo ya shule mwisho wa muhula. Juu kulikuwa na aya mbili za kueleza kazi ya gavana, zimetafsiriwa haraka haraka. Chini yake jedwali refu la majina. Chini ya jedwali kulikuwa na sehemu ya "Magavana maarufu", na humo Arnold Schwarzenegger peke yake alikuwa amepewa nafasi kubwa kuliko maelezo ya cheo chenyewe. Nikasema hii ni kazi ya jioni moja. Imenila wiki tatu, na sehemu kubwa ya muda huo imeishia kwenye safu moja ya jedwali, ile ya kwanza kushoto, iliyoandikwa "Na."

Safu hiyo ilieleza kila gavana ni wa ngapi katika jimbo lake. Wa 39, wa 54, wa 70. Inapendeza machoni, tena inampa msomaji uhakika kwamba kuna mtu amekaa akahesabu. Mimi nimeifuta. Mwenzangu mmoja akairudisha, tukavutana kwenye ukurasa wa majadiliano, nikaifuta tena. Nataka nieleze kwa nini naona isirudi.

Kilichonishtua kwanza ni New Jersey. Katiba yake kwa miaka mingi haikuwa na naibu wa gavana. Gavana akiondoka, rais wa seneti ya jimbo ndiye aliyekuwa akikaimu, huku akiendelea na kiti chake cha seneti. Christine Todd Whitman alipojiuzulu Januari 2001 kwenda kuongoza idara ya mazingira ya serikali kuu, Donald DiFrancesco akakaimu karibu mwaka mzima. Kisha ikafika tarehe 8 Januari 2002, muda wa seneti ile ukaisha, na urais wake wa seneti ukaisha nao. Gavana mteule, James McGreevey, alikuwa bado hajaapishwa. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, John Farmer, akashika madaraka kwa dakika 90. Seneti mpya ilikuwa imegawanyika sawasawa, 20 kwa 20, kwa hiyo ilikuwa na marais wawili, na wawili hao wakagawana siku zilizobaki: John Bennett akaanza, Richard Codey akamalizia. Tarehe 15 McGreevey akaapishwa. Watu watano katika juma moja, mmoja wao kwa muda usiotosha kumaliza mechi yenye mapumziko.

Sasa niambie, kwenye safu ya "Na." unaandika nini?

Wenyewe New Jersey walijibu kwa kupitisha sheria mwaka 2006: aliyekaimu kwa siku 180 au zaidi tangu mwaka 2001 ahesabiwe kuwa gavana kamili. DiFrancesco akawa wa 51 baada ya kuwa ameshaondoka ofisini. McGreevey akasogezwa akawa wa 52. Codey, aliyekuja kukaimu tena kwa miezi 14 baada ya McGreevey kujiuzulu mwaka 2004, akawa wa 53. Farmer na Bennett hawamo kwenye hesabu. Namba ya McGreevey ilibadilika wakati yeye mwenyewe yuko nyumbani, wala hakuna jambo lolote alilolifanya au kuacha kulifanya. Ni wabunge tu waliokaa na kuamua kuhesabu kwa namna nyingine.

Ukitoka hapo ukaenda Massachusetts, mambo ni kinyume. Jane Swift alikaimu ugavana kuanzia Aprili 2001 hadi Januari 2003, na katika kipindi hicho akajifungua mapacha akiwa kazini. Hana namba. Aliyemtangulia, Paul Cellucci, ni wa 69, na aliyemfuata, Mitt Romney, ni wa 70. Kwa mkono wa Massachusetts, karibu miaka miwili ya utawala haina hesabu. Kwa mkono wa New Jersey, miezi sita inatosha. Sisi Waswahili kaimu tunamjua vizuri. Anakalia kiti, anatia saini, anapigiwa simu usiku, lakini barua zake zinaandikwa "kny". Kama nyumbani tu hatujakubaliana kaimu ni bosi au siye, sioni kwa nini safu moja ya jedwali iamue jambo hilo kwa majimbo 50 bila kumwambia msomaji.

Na si makaimu peke yao. Jerry Brown alitawala California kuanzia 1975 hadi 1983, akarudi 2011 hadi 2019. California inamwita wa 34 na wa 39. George Wallace alitawala Alabama katika vipindi vitatu vilivyoachana: 1963 hadi 1967, 1971 hadi 1979, 1983 hadi 1987. Alabama inamwita wa 45, basi, namba moja. California inahesabu vipindi, Alabama inahesabu watu. Ukiziweka namba hizo katika safu moja, chini ya kichwa kimoja, ni sawa na kujumlisha mita na futi kisha ukapigia mstari chini. Jedwali lenye kitufe cha kupanga ndilo baya zaidi, maana msomaji anabofya "Na." na jedwali linamtii.

Mwenzangu aliyeirudisha safu alikuwa na hoja, na sitaki kuipuuza. Alisema msomaji anakuja na swali lake, "fulani alikuwa gavana wa ngapi?", na kazi ya kamusi elezo ni kumjibu. Ni kweli. Lakini swali hilo lina makala yake. Kwenye makala ya Codey unaweza kuandika "wa 53, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006", ukaeleza kwa sentensi mbili, na namba ikakaa mahali inapoeleweka. Kwenye jedwali la majimbo yote, namba haina pa kujieleza. Aliniambia tuweke tanbihi. Nikahesabu tanbihi ambazo zingehitajika, nikaacha nilipofika New Jersey, kwa sababu tanbihi ya New Jersey peke yake ilikuwa ndefu kuliko mstari wote wa jedwali.

Badala ya namba nimeweka safu mbili: tarehe kamili za kuingia na kutoka, na "Aliingiaje". Hii ya pili ndiyo naipenda. Inajazwa kwa maneno machache: alichaguliwa, alikaimu baada ya gavana kufariki, aliteuliwa na bunge la jimbo, alishinda kura ya kumwondoa mwenzake. Schwarzenegger hapo anapata haki yake bila kupewa ukurasa mzima, kwa sababu mwaka 2003 wapigakura wa California walimwondoa Gray Davis kabla ya muda wake na kumchagua yeye siku hiyohiyo.

Tarehe kamili nazo zimeanza kazi mara moja. Kabla ya hapo jedwali lilikuwa na miaka tu, na kwenye mwaka 1925 wanawake wawili walisimama bega kwa bega, Nellie Tayloe Ross wa Wyoming na Miriam Ferguson wa Texas. Nani wa kwanza? Walichaguliwa siku moja, tarehe 4 Novemba 1924. Ross aliapishwa tarehe 5 Januari 1925, Ferguson tarehe 20. Siku 15 hizo hazionekani ukiandika "1925" mara mbili, na ndizo zinazomfanya Ross kuwa mwanamke wa kwanza kushika ugavana wa jimbo Marekani.

Tarehe hizohizo zimeleta fujo Kentucky. Uchaguzi wa 1899 uligombaniwa. William Taylor aliapishwa Desemba. Mpinzani wake, William Goebel, alipigwa risasi tarehe 30 Januari 1900 akielekea bungeni, kesho yake akaapishwa akiwa kitandani, tarehe 3 Februari akafa. Taylor hakuwa amekubali kwamba ugavana umemtoka. Kwa hiyo tarehe zinapandana: kwa siku kadhaa Kentucky ilikuwa na magavana wawili. Mhariri mmoja mpenda usafi aliona tarehe zinagongana, akadhani ni kosa la kuchapa, akampunguzia Taylor siku zake ili mistari ikae vizuri. Sikumlaumu. Jedwali lenyewe linakuvuta kufanya hivyo, mstari mmoja uishe ndipo mwingine uanze. Nimezirudisha tarehe zikiwa zimepandana na kuandika pembeni: "ugavana uligombaniwa".

Georgia ndiyo iliyonimaliza. Eugene Talmadge alishinda uchaguzi wa 1946, akafa Desemba kabla ya kuapishwa. Januari 1947 bunge la jimbo likamteua mwanawe, Herman. Gavana aliyekuwa anaondoka, Ellis Arnall, akakataa kuondoka. Naibu gavana mteule, Melvin Thompson, akasema kiti ni chake. Herman akabadilisha vitasa vya ofisi. Katibu wa jimbo, Ben Fortson, aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu, akauficha muhuri wa serikali chini ya mto wa kiti chake ili asiupate yeyote. Machi 1947 Mahakama ya Juu ya Georgia ikampa ushindi Thompson. Nilijaribu kuuweka mkasa huu ndani ya jedwali mara nne. Mwishowe nikautoa, nikauandikia aya yake, na kwenye jedwali nikaacha kiungo. Kuna mambo hayakai ndani ya visanduku, na mhariri akilazimisha, kinachobaki ni majina matatu na mwaka mmoja.

Lugha nayo ilikuwa na ugomvi wake. "Jimbo" kwa wengi wetu ni jimbo la uchaguzi, la mbunge, kwa hiyo sentensi ya kwanza ya makala ilibidi iseme wazi kwamba hapa jimbo lina katiba yake, bunge lake na mahakama zake. "Gavana" naye, msomaji wa Kenya anamwona wa kaunti, wa Tanzania anamwona wa Benki Kuu. Halafu msaidizi wake. Tafsiri ya zamani ilimwita "luteni gavana", na mtu wa kawaida akisoma anamwona amevaa magwanda. Nimeandika "naibu gavana" kila mahali. Yapo majimbo ambako naibu huyo hayupo: Oregon na Wyoming, gavana akiondoka, anayeingia ni katibu wa jimbo, Maine na New Hampshire, ni rais wa seneti.

Kuna raha moja ndogo niliyoipata. Kwa Kiingereza, Virginia na Virginia Magharibi zinatenganishwa na Washington kwenye orodha ya alfabeti. Kwa Kiswahili zimekuwa jirani, moja juu ya nyingine, na Dakota Kaskazini imefuatana na Dakota Kusini chini ya D. Sikulipanga hilo, limekuja lenyewe.

Kuhusu magavana waliopo sasa sina maneno mengi. Orodha yao nimeihamishia kwenye ukurasa wake, na juu nimeandika tarehe iliyokaguliwa mara ya mwisho. Wanaofikiri orodha hiyo husasishwa mara moja kila miaka minne wanajidanganya. Majimbo 48 humchagua gavana kwa miaka minne, lakini si kwa pamoja. New Hampshire na Vermont kwa miaka miwili. Kentucky, Louisiana na Mississippi hupiga kura mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa rais, New Jersey na Virginia mwaka mmoja baada yake, na kundi kubwa katikati ya muhula wa rais. Yaani kila mwaka kuna jimbo linalochagua gavana. Na Virginia hairuhusu gavana kugombea muhula unaofuata, kwa hiyo huko jina hubadilika kila baada ya miaka minne hata kama watu wanampenda. Wapo ambao si wa majimbo kabisa: Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin vya Marekani, Samoa ya Marekani na Visiwa vya Mariana Kaskazini nao wana magavana. Hao wana sehemu yao, na niliwaondoa kwenye jedwali la majimbo bila mtu kulalamika.

Malalamiko yamebaki kwa P. B. S. Pinchback. Desemba 1872 bunge la Louisiana lilimfungulia mashtaka gavana Henry Warmoth, naye akasimamishwa. Pinchback, aliyekuwa akishika nafasi ya naibu gavana, akaingia tarehe 9 Desemba na kukaa hadi tarehe 13 Januari 1873. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kushika ugavana wa jimbo la Marekani. Mwenzangu anasema kama tunafuta namba, basi tuwe na msimamo, makaimu wote waende kwenye tanbihi. Nimemjibu kwamba tukimpeleka Pinchback kwenye tanbihi, "wa kwanza" anakuwa Douglas Wilder wa Virginia, aliyeapishwa Januari 1990, na tutakuwa tumesogeza historia miaka 117 kwa sababu ya muundo wa jedwali. Wilder ana lake, ni wa kwanza kuchaguliwa kwa kura, na safu ya "Aliingiaje" inalisema hilo bila kumnyang'anya mwingine.

Hajajibu bado. Mstari wa Pinchback kwa sasa unasomeka hivi: "9 Desemba 1872 – 13 Januari 1873. Alikaimu baada ya gavana kusimamishwa kwa mashtaka ya bunge." Kushoto kwake hakuna kitu.