Usiwaambie Unajua Kompyuta

Ukiulizwa hapa Kisumu unafanya kazi gani, sema wewe ni mwalimu. Sema fundi wa mabomba. Sema hata unafuga nguruwe kule Riat. Usithubutu kusema unaandika programu za kompyuta, maana kesho yake alfajiri mtu atabisha mlango akiwa amekumbatia televisheni.

Mimi naandika programu tangu enzi za disketi, ile ya megabaiti 1.44 ambayo leo haitoshi hata picha moja ya samaki uliyoipiga kwa simu. Nimeandika Pascal. Nimeandika COBOL, lugha ya mwaka 1959 inayohesabu pesa za watu kwenye mabenki mpaka leo, ingawa kila mwaka vijana huitangazia mazishi. Lakini kwetu Nyalenda mimi ni yule jaduong', yaani mzee, wa chaja. Mama mboga ananiita nimwangalizie simu inayosema imejaa. Jirani analeta printa. Nikimwambia sitengenezi printa, ananitazama kwa huruma kama aliyegundua vyeti vyangu ni bandia, vilichapishwa River Road kule Nairobi.

Na hayo ni ya mtaani. Kwenye matanga ndiko nakomeshwa. Juzi tulikuwa tunamzika mzee wa ukoo upande wa Seme. Nimevaa suti, nimekaa chini ya hema na wazee wenzangu, naheshimika. MC anashika maikrofoni, inakoroma, inazima. "Tuko na mtaalamu wetu wa kompyuta hapa, hawezi kutuacha tuaibike!" Hema zima likanigeukia. Nikavua koti, nikainama nyuma ya jenereta na magoti yangu haya yanayolia kuliko spika, nikakuta mbuzi ameukanyaga waya ukachomoka. Nikauchomeka. Muziki ukaanza hata sijasimama, watu wakampigia makofi nani? MC. Nikarudi na petroli kwenye suruali nikakuta kiti changu kina mwenyewe.

Nyumbani nako ni kesi. Mama watoto ana imani moja thabiti: mtu aliyekaa hafanyi kazi. "Baba watoto, kwa vile umekaa tu, niangalizie maharagwe yasiungue." Ni kweli nimekaa. Nimekaa tangu asubuhi natafuta mwaka mzima wa mzee wa watu uliopotea.

Ngoja niwaeleze. Kuna mteja, simtaji, mwenye programu ya kulipa watu pesa za uzeeni. Mzee mmoja kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1941, siku ambayo nusu ya wazee wa Nyanza walizaliwa kwa uamuzi wa chifu. Programu imeng'ang'ana: 31 Desemba 1940. Vijana wa Nairobi wamelaumu intaneti, wakalaumu seva, wakakaribia kumlaumu mzee mwenyewe. Nikawaambia waangalie saa. Leo Kenya iko mbele ya Greenwich kwa saa 3 kamili, lakini mwaka 1941 ilikuwa saa 2 na dakika 45. Sehemu moja ya programu iliihifadhi tarehe kama usiku wa manane kwa hesabu ya leo, sehemu nyingine ikausoma kwa hesabu ya mkoloni. Zikapishana robo saa, na mzee akasukumwa nyuma hadi saa sita kasorobo usiku, mwaka uliotangulia. Robo saa ya serikali ya mkoloni inamzeesha mtu mwaka mzima! Na dawa yake haizidi mstari mmoja: tarehe ya kuzaliwa ihifadhiwe bila saa, kwani mkunga alikuwa na saa ya mkononi?

Nimemaliza kueleza, kijana mmoja akafungua maikrofoni yake. "Mzee, kwani ulikuwepo?" Mwaka 1941!

Maharagwe yaliungua, naam.

Vijana wenyewe siwachukii, ila kuna mambo. Kila siku saa tatu asubuhi lazima tuonane kwa video, kila mmoja aeleze alichofanya jana, mpaka muda wa kukifanya leo unaisha. Wamenipa skrini nyeusi yenye herufi za kijivu. Nikivaa miwani ya karibu sioni nyuso zao, nikivaa ya mbali sioni kazi yao, na kuna siku sikosi kitu kwa vyovyote. Kisha wote wameshikwa na JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Brendan Eich aliibuni mwaka 1995 kwa siku kumi. Siku kumi! Fundi aliyenijengea choo kule ushago alitumia muda mrefu zaidi, na hicho choo hakijawahi kunipigia simu. Sasa wameongeza akili mnemba, inawaandikia programu yenyewe. Inaandika haraka, siwezi kukataa, kwa ujasiri wote wa mtu asiyeamshwa usiku mambo yakiharibika.

Daktari aliponiambia nitafute jambo la kunitoa kwenye kiti, nilichagua kuvua kwa ndoano Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Nilitaka kitu kisicho na paswadi. Kumbe ziwa nalo lina mambo yake. Gugumaji linatembea na upepo: jana palikuwa maji, leo pamekuwa shamba, na ndoano yangu inatua juu ya majani inabaki hapo hapo, haijalowa. Likiondoka, jua nalo linaelekea kuzama, na jua likizama viboko wanatoka kula nyasi. Kiboko haulizwi mara mbili. Kwa hiyo nakunja kamba samaki wanapoanza kula, nanunua ngege, yaani sato, kwa akina mama pale ufuoni, naingia nyumbani nimenyanyua kifua. Mama watoto anamgeuza upande huu, anamgeuza upande ule. "Huyu ni wa kufugwa kwenye kizimba. Umenunua kwa nani?"

Na mtandao wa simu, unaokataa sebuleni kwangu nikiwa kazini, pale Dunga unashika mpaka unashangaa. Mpwa wangu hunifuata huko huko. "Anko, hii kitu tuiundie app. Watu walipe kwa M-Pesa waonyeshwe gugumaji liko wapi leo." Nikamwonyesha kwa kidole, bure.

Lakini linaloniuma tangu zamani ni usiku wa 31 Desemba 1999. Programu za kale ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili, na 00 ingesomwa kuwa 1900. Tulipitia mistari hiyo mmoja mmoja mwaka mzima, halafu watu wakala mwaka mpya mjini sisi tukiwa tumefungiwa ofisini na soda na sambusa baridi, tunachunga kompyuta. Saa sita ikafika. Hakuna kilichoharibika. Tulipokutana tena bosi akasema: kumbe ilikuwa uongo, mlitaka tu marupurupu. Angalau ingezimika hata moja, tungepewa shukrani!

Haya, balaa nyingine kama hiyo iko njiani. Mashine nyingi huhesabu muda kwa sekunde kuanzia 1 Januari 1970, na zile za biti 32, zenye nafasi 32 tu za kuandikia namba kwa sifuri na moja, zinaishiwa na nafasi kwenye sekunde ya 2,147,483,647. Hiyo ni Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za hapa kwetu. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaamini tuko Desemba 1901, mwezi uleule reli ilipofika hapa na mji ukiitwa Port Florence. Kompyuta za kisasa nyingi zimeshahamia biti 64. Shida ni vile vidude vidogo vilivyofichwa ndani ya mashine nyingine, ambavyo hakuna anayekumbuka viko wapi, na walioviweka wamestaafu.

Nimewaambia vijana wangu. Wakacheka, wakasema 2038 ni mbali, mzee, tunaiweka kwenye orodha. Sawa. Nitakuwa nimepita sabini na watanipigia tu. Nitapokea, sina kinyongo, hata nikiwa Dunga. Ila bei nimeshaiandika na mama watoto anaijua: natoza kwa sekunde, na nitaanza kuhesabu kutoka 1970.