Mtaro wa zege unauhamisha uchafu tu

Masika ikikaribia hapa Moshi kilio ni kilekile, mitaro ijengewe zege maji yaondoke haraka. Nawaelewa, mji uko mteremkoni, mvua ikichapa kule juu Kibosho, sisi wa chini ndo tunapokea, barabara inachimbika maji yanaingia mpaka sebuleni. Ukimtajia anayetaka zege mtaro wa majani, yaani uliooteshwa nyasi za kupunguza mwendo wa maji, anaona unamletea mbu na takataka, na hajakosea sana, usiposafishwa unaziba.

Ila hayo maji yamebeba nini? Mvua za kwanza ndo chafu kuliko zote, zinakomba samadi iliyorundikwa nje ya banda, vyoo vilivyofurika, na mbolea ya urea ambayo mtu kaimwaga kwenye mahindi jana yake maana kila mtu anawahi mvua. Zege inavipeleka vyote hivyohivyo mtoni, Karanga, Weruweru, Kikuletwa, mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu ambako watu wanavua. Kule mwani, ule ukijani wa majini, unashiba mbolea hiyo na kunawiri, ukifa ukaoza unamaliza oksijeni majini, samaki wanakosa hewa. Na fosforasi, moja ya virutubisho vinavyoulisha huo mwani, nyingi husafiri imeng'ang'ania udongo, kwa hiyo maji yakipunguzwa mwendo tu kwenye majani udongo unatua, nayo inabaki hapohapo.

Watu wa zege wana hoja nzito dhidi ya kuyaacha maji yazame ardhini ambayo hata hawaitumii, naitreti, yaani naitrojeni ya samadi, vyoo na mbolea ikishageuka ikawa ya kuyeyuka majini. Hii haishiki udongo, inayeyuka na kuzama, yaani ukichimba shimo la kunyonya maji jirani na kisima umeutoa uchafu mtoni ukaupeleka kwenye ndoo. Na kuchemsha hakusaidii! Maji yanapungua kwa mvuke, naitreti inabaki, inazidi kukolea. WHO, Shirika la Afya Duniani, wameweka kikomo cha naitreti kwenye maji ya kunywa miligramu 50 kwa lita kwa sababu ya vichanga wanaokorogewa maziwa ya kopo, ikizidi damu yao inaweza kushindwa kubeba oksijeni, na mama wa watu kachemsha vizuri kabisa.

Lakini shimo tupu sio majani. Mizizi inaila hiyo naitrojeni, sharti majani yakatwe, yakiozea pale inarudi. Sasa Uchagani nani wa kufundishwa kukatia ng'ombe wa ndani majani? Otesha mabingobingo kando ya mtaro uone kama yatamaliza wiki. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kando ya mto, na bado mahindi yanalimwa mpaka ukingoni.

Penye mteremko mkali jengeni zege, sibishi, majani yatang'olewa tu. Ila maji yakifika tambarare yapitishwe kwenye majani kwanza kabla ya mto, na urea isubiri mvua kubwa zitulie.