Tafadhali, msikate pambizo

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu Kizota, Dodoma, ikaingia picha kutoka kwa binamu yangu aliyeko Mwanza. "Dada, wewe si unapenda vitu vya zamani? Ona hiki." Nikafungua. Tangazo la redio: mama wa kanga kakaa mkekani, redio ya transista mbele yake, watoto wawili wamemwegemea. Nililitambua hata kabla picha haijafunguka yote, maana nililipiga picha mwenyewe mwaka jana, juu ya meza ya mama, nikalituma kwenye kundi letu la wakusanyaji wa matangazo ya vyombo vya nyumbani.

Lakini lilikuwa limekatwa. Juu, chini, kulia, kushoto, kote kumenyofolewa, amebaki mama na redio yake. Kisha mtu kaandika kwa herufi nyekundu: "Miaka ya 80, enzi za Mwalimu." Chini yake watu chungu nzima wanasifu kwamba wazee wetu walikuwa na maisha mazuri, kila nyumba na redio mpya.

Nimekasirika, na mpaka leo hasira haijaisha.

Ukurasa wa gazeti wenye tangazo lile nimeutoa kwenye sanduku la bati la babu, aliyekuwa kibarua wa reli pale Gulwe. Juu kabisa una tarehe: Agosti 1963. Chini ya tangazo, kwa herufi ndogo za kukodolea macho, wameandika kwamba mawakala wapo katika miji yote mikubwa ya Tanganyika. Jina la Tanzania tulianza kulitumia Oktoba 1964. Kwa hiyo hata mchwa wangeila ile tarehe, mstari huo mmoja ungetosha kukuonyesha tangazo ni la kabla ya hapo. Na bei iliyo pembeni ya redio ni shilingi za Afrika Mashariki, kwa sababu Benki Kuu yetu ilianza kutoa shilingi ya Tanzania mwaka 1966. Aliyekata kautupa ushahidi wote, akaweka maneno yake.

Na maneno hayo yanaumiza watu. Muulizeni yeyote aliyekuwa mtu mzima mwanzoni mwa miaka ya 80. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979 na kuiacha nchi hoi, fedha za kigeni hazipatikani, sabuni na sukari ni kwa foleni. Mama yangu alikuwa anaondoka nyumbani giza halijapambazuka, mtoto mgongoni, kufuata mche mmoja wa sabuni, na mara nyingine alirudi mikono mitupu. Mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, wapo waliozitupa bidhaa zao usiku wasije wakakutwa nazo. Leo kijana anaonyeshwa redio inayong'aa, anaambiwa ni ya miaka hiyo hiyo, halafu bibi yake akimsimulia foleni anamwona anatia chumvi. Bibi anakosa kuaminiwa na mjukuu wake mwenyewe, kwa sababu ya mtu aliyetaka picha ikae vizuri kwenye simu.

Halafu kuna pambizo lenyewe, la upande wa kulia. Pale babu aliandika kwa penseli. Namba 20, shilingi za kila mwezi, imejipanga kushuka chini, moja baada ya nyingine, mara saba, na mkato mdogo mbele ya tatu za kwanza. Chini ya hesabu kaandika jumla ya miezi, 7, na maneno mawili: "na betri". Tangazo halikutaja betri hata kidogo. Mwenye kutangaza alihesabu redio, babu akahesabu redio itakayoongea. Nikiwa mdogo nilizikuta betri zimeanikwa juani juu ya bati kama uwele, kwa sababu zikipata joto zilirudisha nguvu kidogo, taarifa ya habari ikasikika hadi mwisho. Zikifa kabisa tulizifanya magurudumu ya magari ya mabua.

Hayo yote yalikuwa kwenye vidole viwili vya karatasi vilivyokatwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kipande kilichosafishwa ndicho kinachosambaa. Binamu yangu asingeufungua ukurasa mzima wenye madoa ya mafuta na tanzia za watu asiowajua. Basi tumeni vyote viwili, kipande na ukurasa wake. Kazi ya kugusa mara mbili badala ya mara moja.

Na msingoje. Magazeti ya zamani yametuishia kwa kufungia karanga pale Majengo, na mengine yalibandikwa kwenye kuta za udongo huko vijijini, ukuta ukianguka na gazeti linakwenda nalo. Ukibahatika kupata ukurasa, iwe ni wa cherehani, wa jiko la mafuta ya taa au wa karabai, upigie picha karibu na dirisha mchana, bila flashi. Seloteipu usiiguse, gundi yake inageuka kahawia na kula karatasi. Nyuma andika kwa penseli umeutoa wapi.

Jana nilikwenda kwa mama na simu yangu. Nikamwonyesha kwanza kile kilichokatwa. Akatazama, akasema, "Redio nzuri," akanirudishia. Nikamfungulia ukurasa mzima. Akavaa miwani, akaisogeza simu karibu, akaacha redio, akaacha yule mama wa mkekani, kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye penseli, pale chini babu alipoandika jumla ya miezi.

"Hii saba ni ya baba," akasema. "Yeye saba yake alikuwa anaikata katikati."