Sikumpulizia Mwalimu Mdomoni

Jamani, kabla hamjaendelea kunitumia emoji za kulia kwa kicheko, nipeni nafasi nijitetee. Ile hadithi aliyoisambaza rafiki yangu (nitamwita Mpambe, maana ameipamba kama bibi harusi) ina uongo mmoja mkubwa. SIKUMPULIZIA mwalimu pumzi mdomoni. Nilimsogezea sikio puani. Pua na mdomo ni vitu viwili.

Hayo mengine ni kweli.

Mwalimu wetu wa mawasiliano mnamjua. Kwa asiyemjua, ndiye yule aliyefundisha kipindi kizima akiwa ametupa mgongo, halafu mwishoni akauliza nani aligundua ni wakati gani alikuwa amekasirika na wakati gani alikuwa anatania. Ndiye yule ambaye mwenzetu aliposimama kwa mbwembwe na kusema mwili unabeba asilimia 93 ya ujumbe na maneno asilimia 7 tu, alimjibu, "Vizuri sana. Njoo mbele, funga mdomo, utuambie kwamba mtihani umesogezwa hadi Alhamisi saa tatu asubuhi." Maskini wa Mungu. Alionyesha vidole vitatu, akaonyesha jua, akajifanya anaandika, akajishika kichwa. Nusu ya darasa tulielewa kwamba kuna msiba wa watu watatu. Ndipo mwalimu akatueleza kwamba mwanasaikolojia Albert Mehrabian, aliyetoa namba hizo miaka ya 1960, alikuwa anapima jinsi watu wanavyosoma hisia, kwamba huyu ananipenda au hanipendi, hasa pale uso na sauti vinapopingana na neno. Hakusema popote kwamba ratiba ya mtihani inabebwa na mabega.

Siku ile nilicheka mpaka mbavu zikauma, na somo lenyewe sijalisahau hadi leo. Jioni yake nikatia saini barua ya kumlalamikia.

Ndiyo. Naungama. Darasa lilimwandikia mkuu wa idara kwamba mwalimu hafundishi, anaigiza, na kwamba madaftari yetu ni meupe. Mimi ni jina la nne kutoka juu, kwa mwandiko wa kupendeza. Lishikeni hilo jina la nne, tutalirudia.

Basi Jumanne. Nimechelewa dakika kama sita hivi. Na mjue kwamba Jumamosi na Jumapili nilikuwa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, nikapewa na cheti. Mtu mwenye cheti kipya ni hatari, anatembea huku anatafuta mgonjwa.

Nafungua mlango. Kimya. Watu arobaini wamekaa wima kama wanapigwa picha ya pasipoti. Hakuna anayegeuka. Mbele kabisa mwalimu amesimama, mkono mmoja unaning'inia, mdomo uko wazi kidogo kwa upande wa kushoto, macho yameganda dirishani. Ubaoni, kwa herufi kubwa zilizopinda pinda: HAIWEZEKANI KUTOWASILIANA.

Sasa hapo tusome pamoja, taratibu, kwa sababu mimi sikusoma taratibu. Katikati ya neno la pili kuna kasilabi kamoja, "to". Kadogo tu. Mimi nilikaruka. Nikasoma HAIWEZEKANI KUWASILIANA. Na papo hapo mkasa wote ukajipanga kichwani: mzee amehisi ulimi unakufa, akakimbilia ubao, akaandika maneno yake ya mwisho, na hawa wenzangu wamekaa wanamtazama kama tamthilia!

Kiharusi, nikajisemea. Begi likaanguka lenyewe.

Kwenye mafunzo tuliambiwa tuangalie uso, mikono na usemi. Nikamfikia kwa hatua tatu.

"Mwalimu, tabasamu!"

Hakutabasamu.

"Mwalimu, inua mikono yote miwili!"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Mwalimu, sema: leo ni Jumanne, niko mzima!"

Kimya.

Mara yangu ya kwanza kumpa mwalimu mtihani, na amepata sifuri kwa tatu.

Nikawageukia wenzangu. "Pigeni simu ya dharura!" Hakuna aliyeigusa simu. Watu wazima arobaini! "Nyie ni binadamu au masanamu?" Nikamwona Mpambe, machozi yanamtiririka, midomo imebanwa, mabega yanatikisika. Nikasema moyoni, angalau mmoja ana utu, analia. (Wadau, hakikuwa kilio. Nimejua baadaye.)

Nikamshika mwalimu kwapani, nikamshusha sakafuni. Hapa ndipo mtu mwenye akili angeshtuka, maana mgonjwa huyu alikuwa mwepesi kupita kiasi. Magoti yalikunjwa kwa zamu, vizuri, kama ya mtu anayekaa mkekani. Mimi nikaona ni ufundi wangu. Nikamlaza ubavu, nikamfungua tai, nikaivuta yote ikabaki mkononi mwangu. Kisha nikainama nisikilize pumzi.

Mwalimu huyu huyu alishatufundisha umbali kati ya mtu na mtu alioupima mwanaanthropolojia Edward T. Hall kwa Wamarekani: kuanzia sentimita 45 kurudi ndani ni eneo la wapenzi na watu wa damu moja. Mimi nilikuwa sentimita mbili. Niliona vinyweleo vya pua vikipepea. Nilinusa marashi yake. Jicho lake moja likanitazama, likafumba, likafumbua.

Nikapaza sauti ambayo mpaka sasa watu wanaiigiza kwenye korido: "AMEPEPESA! BADO TUNAYE!"

Mlango ukafunguka.

Mkuu wa idara. Miwani puani, mkononi ameshika barua yetu. Amekuja kujionea mwenyewe kama mwalimu anafundisha. Anachokiona ni mwalimu kalala chini, mwanafunzi kamwinamia pua kwa pua huku ameshika tai, na darasa zima kimya, limekaa wima, linatazama mbele.

Hakusema kitu. Mimi sikusema kitu. Nilitamani yule mgonjwa afe kweli ili nipate maelezo.

Mezani simu ikalia kengele.

"Dakika kumi zimetimia," akasema mwalimu kutoka sakafuni, kwa sauti yake ya kila siku. "Asanteni kwa utulivu. Sasa, mimi sikutamka neno hata moja. Nani atuambie huyu mwenzenu alisikia nini?"

Darasa likapasuka. Mpambe alianguka kutoka kitini, na hilo hakuliweka kwenye hadithi yake, muulizeni.

Yaliyofuata nayapitisha haraka kwa sababu masikio yangu yalikuwa yanawaka. Akafundisha akiwa amekaa pale pale chini. Kwamba mwanasaikolojia Paul Watzlawick na wenzake waliandika mwaka 1967 kuwa mtu hawezi kutowasiliana, hata ukinyamaza umeshasema jambo. Kwamba mpokeaji wa ujumbe hukijaza kimya kwa kile alichokuja nacho, na mimi nilikuja na cheti. Watu wakaandika, kurasa na kurasa. Mkuu wa idara akakaa nyuma, akaomba kalamu.

Kipindi kilipoisha nikawa nakusanya begi nitoroke. Nikamsikia mkuu akimuuliza kwa sauti ya chini, "Na hii barua?" Mwalimu akasema ameshaiona. "Huyu wa nne," akaongeza, "ana mwandiko mzuri sana." Kisha akanigeukia, akanyoosha mkono, nikamrudishia tai yake. "Arobaini walifuata maagizo. Wewe peke yako ndiye uliyeuliza kama naumwa."

Ningependa angenitukana.

Jumatano nikaenda idarani kuomba jina langu lifutwe. Karani akasema nimechelewa, wengine wameshatangulia asubuhi na barua yenyewe haina jina tena.

Na jana nimekutana na mwalimu kwenye korido, watu wamejaa. Nikajificha nyuma ya Mpambe, haikusaidia. Aliniona kwa mbali, akasimama, akatabasamu meno yote nje, akainua mikono miwili juu, akatangaza:

"Leo ni Alhamisi, niko mzima!"