Nimerudi mara tatu, bado naulizwa kama nitarudi

Kijana wa dirishani, pale wanapopokea maombi ya viza, alinisalimia vizuri, shikamoo mama, nikaitikia marahaba. Akafungua pasipoti yangu, akazipita haraka kurasa mbili zenye viza za zamani, akafika kwenye ukurasa mtupu. “Hapa pako sawa,” akasema. Nikamwambia, “Mwanangu, hizo ulizozipita ndizo nilizotaka zionwe.” Akanijibu kwa upole kwamba yeye anapokea makaratasi tu, uamuzi unatoka ubalozini.

Hiyo ilikuwa 2024. Wiki tatu baadaye nikapata jibu: nimekataliwa.

Binti yangu ameolewa Ulaya, katika mojawapo ya nchi za Schengen, yaani zile zinazotumia viza moja ya pamoja. Wajukuu wangu wawili wanazungumza Kiswahili kwa sababu bibi yao huenda kukaa nao. Nilikwenda 2022, nikaenda tena 2023, na mara zote mbili nilirudi kabla siku zangu hazijaisha. Nyumba yangu iko Tanga, minazi yangu iko Pangani, na mume wangu hapendi kula chakula cha mtu mwingine. Sina sababu hata moja ya kujificha kwenye nchi ya watu.

Lakini kila mwaka naanza upya kama mtu ambaye hajawahi kupanda ndege. Taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, barua ya mwaliko, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, hati ya nyumba, cheti cha ndoa. Basi la alfajiri hadi stendi ya Magufuli, Dar es Salaam, mwendokasi hadi Posta, kisha foleni. Ada ilikuwa yuro 80, na tangu Juni 2024 ni 90, yaani zaidi ya laki mbili za kwetu, na ukikataliwa hairudi. Kwa mwalimu mstaafu hiyo si hela ya kuokota. Nafuu ni moja tu: alama za vidole ukishazitoa hutumika kwa miezi 59. Vidole vyangu wanavikumbuka karibu miaka mitano. Kurudi kwangu ndiko ninakotakiwa kukuthibitisha kila mwaka.

Barua ya kukataliwa ni fomu yenye visanduku. Changu kiliwekwa alama mahali palipoandikwa kwamba kuna shaka kuhusu nia ya mwombaji kuondoka kabla muda wa viza haujaisha. Niliisoma nikiwa sebuleni kwangu, mahali nilipokwisha kurudi mara mbili. Nikalipa tena, binti akaandika barua ndefu, nikapewa siku 30, kuingia mara moja. Nikaenda, nikarudi. Hiyo ikawa ya tatu.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuisoma sheria yao, na ninawasihi wenzangu muisome, kwa sababu mawakala wanaotujazia fomu hawaigusii kabisa. Kanuni za viza za Schengen zilifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2020, na ndani yake kuna ngazi. Aliyepata viza tatu ndani ya miaka miwili iliyopita, akazitumia kihalali, anastahili viza ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi. Akiitumia vizuri hiyo, inayofuata ni ya miaka miwili, kisha ya miaka mitano, mradi pasipoti yake iwe na umri wa kutosha. Na hata mwenye ya miaka mitano haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Hakuna anayehamia Ulaya kwa viza hiyo.

Ngazi ni nzuri, ila kipandio cha kwanza kiko juu mno kwa mtu kama mimi. Bibi anayekwenda kuona wajukuu mara moja kwa mwaka atafikishaje viza tatu ndani ya miaka miwili? Kipandio hicho kinafikiwa na mfanyabiashara na mtu wa mikutano. Anayekwenda kwa nadra na kurudi kwa uaminifu anabaki chini miaka yote.

Hili linarekebishika. Aprili 2024 Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, iliwalegezea raia wa India wanaoishi nchini mwao: viza mbili zilizotumika kihalali ndani ya miaka mitatu zinatosha kuwapandisha kwenye ya miaka miwili. Kwa nini na sisi tusiombewe hivyo? Wizara yetu ya Mambo ya Nje ina meza ya kuzungumza na Ulaya, na ningependa sana hili liwekwe mezani.

Naijua hoja ya upande wa pili. Wapo waliokwenda kutembea wakabaki, tunawafahamu. Lakini mtu huyo hana mihuri ya kutoka iliyojipanga mwaka baada ya mwaka, na ngazi ile iliwekwa hasa ili kumtenganisha yeye na anayerudi. Tena tangu tarehe 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kielektroniki unaochukua nafasi ya mihuri mpakani, unaoandika siku uliyoingia na siku uliyotoka. Wenyewe sasa wanaona.

Kingine nilichojifunza ni kwamba kanuni zilezile zinaruhusu ubalozi kutoa viza ya kuingia mara nyingi, hadi miaka mitano, kwa mtu anayeonyesha kwamba ana sababu ya kwenda mara kwa mara na kwamba viza zake za nyuma alizitumia vizuri. Hawalazimiki kukupa, lakini usipoomba hakuna atakayekukumbusha. Kwenye fomu kuna mahali pa kuchagua idadi ya kuingia. Miaka yote wakala alinijazia “mara moja”, akisema ndiyo salama, nami nikamkubalia. Na pasipoti iliyoisha muda usiitupe, viza zilizomo ni ushahidi wako.

Mwaka huu fomu nimeijaza mwenyewe, na nimechagua kuingia mara nyingi. Nimetoa kopi ya viza zote tatu pamoja na mihuri yake, nikaandika barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe sita: tatu za kuingia, tatu za kutoka. Nimeibana juu kabisa, mbele ya taarifa ya benki, ili atakayefungua faili aanze nayo.