Koma, Meja!

Baba mdogo aliposafiri kwenda Dodoma, aliniachia nyumba ya Goba, funguo na Meja. Meja ni boerboel, mbwa ambaye wakulima Makaburu wa Afrika Kusini walimfuga alinde mashamba yao. Ana kilo 70 na ushee. Mimi nina 58, tena nikishashiba.

Maagizo yalikuwa marefu kama wosia. Ale mara mbili kwa siku. Akishakula asikimbie kwa saa nzima, maana mbwa wakubwa wenye vifua vya hivyo tumbo huweza kujipinda, na likijipinda anaweza kufa siku hiyohiyo. Halafu eti nimkague kupe masikioni. Nimshike sikio mimi, nani kaniroga?

Jumamosi nikampa ugali na dagaa, nikaenda kuoga. Nikatoka na suti ya kuazima, nimejimwagia manukato, nawahi kikao cha harusi. Meja amejilaza njiani, mbele ya geti. Hakubweka. Huyu habweki ovyo, na hapo ndipo anapotisha: anakutazama tu kama trafiki anayehesabu makosa ya gari lako. Akainuka.

"Koma!"

Akaja.

"Koma, nasema!"

Akaongeza mwendo. Nikarudi kinyumenyume, "koma, koma, koma," mpaka mgongo ukagota kwenye ukuta wa tangi la maji. Akaniegemea kwa uzito wake wote. Ute ukamning'inia mdomoni kama mlenda, ukachagua kudondokea tai. Na bado nawaza: huyu kashiba, nikimponyoka akanifukuza, tumbo likajipinda, mbwa nitamlipa na nini?

Nikapiga simu kwa kidole kimoja. Hata kwenye dhiki, adabu kwanza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Meja kanibana ukutani. Namwambia koma, hasikii!"

Kimya. Kisha kicheko, cha mtu anayejipiga mapaja.

"Wewe mtoto! Huyo kafundishwa Kiafrikaans hukohuko alikotoka. 'Kom' kwao ni njoo!"

Kumbe muda wote ananitii.

"Sasa nisemeje?"

"Mwambie 'blei'. Yaani atulie hapohapo. Haya, naingia kikaoni."

Nikasema blei. Meja akaketi papo hapo, na papo hapo penyewe ni juu ya viatu vyangu. Nikapiga tena kuuliza neno la kumwinua. Simu ya baba mdogo imezimwa.