Gesi ilikuwepo, njia haikuwepo

Januari 2009, Urusi na Ukraine zilipogombana kuhusu bei na madeni, gesi iliyokuwa ikipitia Ukraine kwenda Ulaya ilisimama kwa takriban wiki mbili. Bulgaria, iliyotegemea njia hiyo karibu peke yake, iliumia sana: viwanda vilisimama na nyumba zikakosa joto katikati ya kipupwe. Kinachouma ni kwamba Ulaya Magharibi ilikuwa na gesi. Haikuweza kurudi mashariki kwa sababu mabomba mengi yalijengwa kuisukuma upande mmoja tu.

Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria: kila nchi ijipange kukidhi mahitaji yake hata miundombinu yake mikubwa kuliko yote ikikatika, na mabomba ya mipakani yasukume gesi pande zote mbili. Ndiyo maana Aprili 2022, Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, ilipoikatia gesi Bulgaria kwa mara nyingine, majiko hayakuzimika. Gesi ilipatikana kupitia Ugiriki, na Oktoba mwaka huo bomba jipya kati ya nchi hizo mbili likaanza kazi.

Wapo wanaosema kilichoiokoa Ulaya gesi ya Urusi ilipopungua mwaka huo ni soko. Agosti 2022 bei ilivuka euro 300 kwa megawati-saa, na meli za gesi ya kimiminika zikageuza safari kuifuata. Hoja hiyo ina uzito. Bila meli zile, maghala yasingejaa. Ila bei haipitishi gesi pasipo na bomba. Hispania ina vituo vingi vya kupokea meli kuliko nchi yoyote ya Umoja huo, lakini njia yake kwenda Ufaransa ni nyembamba. Ufaransa nayo hutia gesi harufu, ili uvujaji utambulike, tangu kwenye mabomba makuu, Ujerumani huitia karibu na mtumiaji. Tofauti hiyo ndogo ni sehemu ya sababu Ufaransa ilianza kuipelekea Ujerumani gesi moja kwa moja Oktoba 2022 tu.

Kwa hiyo nawaunga mkono waliojenga viungo vya mipakani, ingawa wakosoaji wana haki kuuliza nani atalipia mabomba yanayokaa bure miaka mingi. Ushindi wa bei, wa Ulaya kuwazidi wengine kwa pesa, ndio unaonisumbua. Julai 2022 Pakistan ilitangaza zabuni ya kununua shehena za gesi hiyohiyo, wakati wananchi wake wakikatiwa umeme kwa saa nyingi kila siku. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyejitokeza.